Unga wa Ukuta

Kila asubuhi, kabla hajachemsha kahawa,
mama yangu Ċensa huifagia nyumba yetu
kutoka mguuni pa nyumba yetu.
Unga wa manjano, laini kama wa dengu,
umelala chini ya ukuta unaotazama bahari.
Huuzoa, huupima kwa jicho, husema:
Leo vijiko vinne. Jana grigal ilivuma.

Hapa Gozo mawe hukatwa kwa msumeno, kama mkate.
Babu Wistin aliyakata haya mwenyewe
mwaka aliooa, na katika moja,
karibu na dirisha la jikoni,
mlikuwa na kombe dogo kama ukucha wa mtoto.
Alitushika vidole akavibonyeza pale:
Hii ilikuwa sakafu ya bahari, mnasikia?
Tumejengea kitu cha kuazima.

Na mwenye mali hana haraka.
Hatumi mawimbi; mawimbi yanaishia kule chini
miambani, na kelele zao za bure.
Hutuma ukungu wenye chumvi
usiobisha hodi,
na jiwe, maskini, lina vinyweleo tu, halina mlango.
Jua likipanda, maji hutoka
yakaisahau chumvi ndani.
Humo gizani chumvi huota,
hunenepa, hutanua mabega,
mpaka chembe ya jiwe iliyokumbatiana na mwenzake
tangu kabla ya mtu yeyote kuwa na jina
inamwachia.
Usiku unyevu ukirudi chumvi huyeyuka,
hujivuta ndani hatua moja,
ikangoja asubuhi.

Ukuta ulipoanza kutoboka
kama sega lililokwisha kunyonywa asali,
mjomba Nardu alikuja na toroli la saruji.
Ule msemo wa ufa na ukuta, nadhani
kila nchi ina wake, na kila nchi ina mjomba
wa kuusema akiwa ameshakunja mikono ya shati.
Alisiliba kote. Ukuta ukawa wa kijivu,
mtulivu kama uso wa mtu aliyekataa kujibu.
Miaka mitatu ufagio ukapata likizo.
Mjomba akija aliugonga kwa kifundo cha kidole
akatutazama mmoja mmoja.

Mwaka wa nne mlio ulibadilika:
ngo, ngo, mtungi mtupu.
Nyuma ya saruji maji yalikosa pa kutokea
na chumvi ilikuwa ikifanya kikao.
Siku ya Mtakatifu Yosefu, tukiwa mezani,
bamba zima liliporomoka uani,
na nyuma yake unga. Si vijiko tena. Ndoo saba.
Kombe la babu lilikuwa humo.
Nilichekecha mpaka jua likazama,
nikapata msumari.

Mjomba hatukumwona hadi baada ya Pasaka.

Siku hizi tumeuacha ukuta upumue.
Jiwe likiisha kabisa, Tereż wa mwashi hulichomoa,
huweka jingine, bichi, rangi ya siagi,
na huliunga kwa chokaa,
chokaa dhaifu kuliko jiwe, makusudi,
ili chumvi ianzie hapo.
Lazima kitu kiliwe, husema akipangusa msumeno,
sisi tunachagua tu kipi.

Mama ana miaka themanini na miwili
na bado hamwachii mtu ufagio.
Juzi, nikitafuta shuka, niliinama chini ya kitanda chake
nikakuta makopo ya biskuti, kumi na moja,
mazito, vifuniko vimefungwa kwa utepe.
Nikafungua moja. Unga.
Mama, nikamwambia, upepo uko bure,
si ungeumwaga tu pale ukingoni?
Akanipokonya kopo,
akalirudisha mahali pake, akalisukuma kwa mguu.
Bahari ikiutaka, akasema, ije yenyewe.
Mimi si mtumishi wake.